Bata wa Mbao na Bata wa Kamba

Katika hazina ya methali zetu kuna isemayo kwamba mtego bila chambo haunasi. Huwa naitumia darasani ninapowafundisha wanafunzi wa kidato cha pili tofauti ya maneno mawili ambayo wengi huyachanganya. Mtego ni chombo kinachokamata. Chambo ni chakula kinachomvuta mnyama hadi kwenye chombo hicho. Lakini kipo kitu cha tatu ambacho lugha yetu haijakipa jina moja lililokubalika, nacho ni sanamu ya ndege inayowekwa shambani au majini ili ndege walio angani wadhani kwamba wenzao wameshatua salama. Katika makala haya nitaiita bata bandia. Nimeona niyaandike kwa sababu tofauti baina ya bata bandia, chambo, na bata halisi aliyefungwa kamba mguuni imekuwa mpaka wa kisheria nchini Marekani kwa miaka zaidi ya themanini. Kwetu, katika mabonde ya mpunga ya pande zote mbili za mpaka wa Uganda na Kenya, mpaka huo haujachorwa vichwani mwa watu, na matokeo yake ni kwamba kuna watu wanaokula sumu wakidhani wanakula kitoweo.

Tuanze na uwindaji wenyewe ulivyo huko ulikoratibiwa. Katika mashamba ya mahindi na mpunga ya majimbo kama Arkansas na Missouri, mavuno yakiisha hubaki mabua na punje zilizodondoka. Bata wa porini watokao Kanada kuelekea kusini kabla ya baridi kali hushuka mashambani humo alfajiri na jioni kuziokota. Mwindaji hufika kungali giza. Huwapanga bata bandia, ambao zamani walichongwa kwa mbao na siku hizi ni wa plastiki, kama kundi linalokula kwa utulivu. Katikati huacha uwazi upande ule upepo unakoelekea, kwa kuwa bata hutua akiukabili upepo, sawasawa na ndege ya abiria. Kisha hujilaza katika maotea yaliyofunikwa kwa mabua na kupuliza kifilimbi kinachoiga sauti ya bata jike. Kundi hupita juu mara moja, mara mbili, likichungulia. Likiridhika, hukaza mbawa na kushuka kwenye ule uwazi. Hapo ndipo bunduki ya marisau hulia.

Hila hii si ya Wazungu wala si ya jana. Mwaka 1924, katika pango la Lovelock jimboni Nevada, wachimbuzi wa mambo ya kale walifukua sanamu kumi na moja za bata zilizosukwa kwa matete, baadhi yake zikiwa zimepakwa rangi na kupambwa kwa manyoya ya kweli. Umri wake unakadiriwa kuwa miaka elfu mbili hivi. Wenyeji wa asili wa nchi ile walikuwa wameshayajua yote: kwamba bata humwamini bata mwenzake kuliko anavyoliamini jani au jiwe, na kwamba anayetaka kumkaribia lazima kwanza aazime uaminifu huo.

Karne ya 19 iliuvuruga mpango huo wa zamani. Reli, barafu ya kuhifadhia nyama na mahoteli ya mijini vilimgeuza bata wa porini kuwa bidhaa. Wawindaji wa soko waliua kwa makasha, na wengi waliiacha sanamu ya mbao wakachukua ndege hai. Bata waliofugwa walifungwa kamba miguuni katika maji ya kina kifupi, wakawa wanaita, na wenzao wa porini wakawa wanaitikia. Njiwa wa kuhama waliokuwa wakitanda juu ya Amerika Kaskazini kwa mamilioni walinaswa kwa namna hiyo hiyo na kwa ukatili zaidi: njiwa mmoja alishonwa kope, akafungwa kwenye kigoda, akainuliwa na kushushwa ili apigepige mbawa, na makundi yaliyokuwa yakipita yakashuka kwenye nyavu. Njiwa wa mwisho wa jamii hiyo, aliyepewa jina la Martha, alikufa katika bustani ya wanyama ya Cincinnati tarehe 1 Septemba 1914. Ilikuwa jamii nzima ya ndege, wala haikurudi.

Msiba huo ndio uliozaa sheria. Mwaka 1916 Marekani ilitia saini mkataba na Uingereza, kwa niaba ya Kanada, wa kuwalinda ndege wahamao, na mwaka 1918 Bunge likatunga sheria ya kuutekeleza. Jimbo la Missouri lilikwenda mahakamani likidai kwamba ndege walio ndani ya mipaka yake ni mali yake, na serikali kuu haina neno juu yao. Mwaka 1920 Mahakama Kuu ilikataa hoja hiyo. Jaji Oliver Wendell Holmes alieleza kuwa ndege wa aina hiyo leo yupo hapa, kesho yupo jimbo jingine, na baada ya wiki yuko maili elfu moja mbali. Itakuwaje basi awe mali ya mtu mmoja njiani? Ningependa kila mwanafunzi wa somo la uraia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki aifikirie hoja hiyo, kwa sababu bata anayelala Bunyala anaweza kuamka Uganda, na bata wengine tunaowaona hapa kuanzia Oktoba wametoka Ulaya na Asia.

Mkataba peke yake haukutosha. Miaka ya 1930 ilileta ukame mkubwa, na mabwawa mengi yalikuwa yameshakaushwa ili yalimwe. Bata wakapungua kwa kutisha. Rais Franklin Roosevelt akamkabidhi idara ya wanyamapori mtu asiyetarajiwa: Jay Darling, mchoraji wa katuni wa gazeti la Des Moines, ambaye alikuwa akiikejeli serikali hiyo hiyo kwa kalamu yake. Mwaka 1934 ilipitishwa sheria ya kumtaka kila mwindaji wa bata anunue stempu maalumu ya dola moja kabla ya kuinua bunduki, na mchoro wa stempu ya kwanza ulikuwa wa Darling mwenyewe. Mwaka uliofuata, 1935, zikaja kanuni ambazo ndizo kiini cha makala haya. Chambo kilipigwa marufuku. Bata hai wa kufungwa kamba alipigwa marufuku. Bunduki ya marisau ilifungwa isibebe zaidi ya risasi tatu. Bata wa mbao akaachwa.

Kwa nini aachwe yeye? Hapa ndipo napenda kukaa kidogo. Bata wa mbao hudanganya jicho, lakini hubakiza nafasi. Ndege mzee aliyekwishaponea chupuchupu humtazama, huona kwamba hatikisiki, huona kwamba jua linamng'aa vibaya, akaondoka. Mwindaji asiyejua upepo hurudi nyumbani mikono mitupu. Chambo hakibakizi nafasi hiyo, kwa sababu njaa haichagui. Kundi zima litakuja, na litarudi kesho na keshokutwa mahali pale pale mpaka liishe. Bata hai naye huita kwa sauti ambayo hakuna mwenzake anayeweza kuitilia shaka. Watunga sheria hawakukataza ujanja. Walichokataza ni ujanja usiomwachia ndege njia ya kuushinda, na nionavyo mimi hilo ni wazo la kisheria lenye hekima kubwa, hata kwa asiyependa uwindaji.

Katika mashamba, kanuni hiyo imefafanuliwa kwa undani unaoweza kumchosha msomaji, ila mfano mmoja unatosha. Mkulima akivuna mahindi yake kwa utaratibu wa kawaida, punje zilizoanguka si kosa, na mtu anaweza kupanga bata bandia juu ya mabua hayo na kuwinda. Mkulima huyo huyo akimwaga gunia moja la mahindi mahali pale, shamba limekuwa na chambo. Na hata akiliokota gunia zima, punje kwa punje, uwindaji hauruhusiwi hapo mpaka zipite siku kumi. Tangu mwaka 1998 mahakama huuliza kama mwindaji alijua au alipaswa kujua kwamba kuna chambo. Hawezi basi kujificha nyuma ya mwenye shamba. Anatakiwa ashuke, atembee, atazame ardhi kwa macho yake kabla ya kupakia bunduki. Juu ya hayo kuna msimu, na kuna idadi: katika sehemu kubwa ya nchi ni bata sita kwa siku, na si halali kuwauza.

Msomaji atauliza, watu wanazitii kanuni hizi zote kwa kuogopa askari? Askari hawatoshi, si Marekani wala kwingineko. Jibu kubwa zaidi liko katika ile stempu. Leo bei yake ni dola 25, na katika kila dola inayopatikana, senti 98 huenda moja kwa moja kununua au kukodi ardhi oevu ambako bata huzaliana na kupumzika. Zaidi ya ekari milioni sita zimehifadhiwa kwa njia hiyo. Mwindaji anaweza kwenda kusimama kandokando ya bwawa na kusema kwamba kipande hiki nimekilipia. Ni nadra sana kwa mwananchi kuiona kodi yake ikielea juu ya maji na kupiga mbawa.

Kuna jambo jingine la Marekani linalotuhusu, nalo ni madini ya risasi. Kiswahili hutumia neno hilo hilo kwa madini na kwa kitu kitokacho kwenye mtutu, na kwa miaka mingi vitu hivyo viwili vilikuwa kimoja. Marisau ya risasi yaliyozama matopeni yalimezwa na bata wakidhani ni changarawe za kusagia chakula. Wakadhoofika na kufa. Tai wenye vichwa vyeupe, nembo ya taifa lile, wakawala bata hao na kufa nao. Mwaka 1991 marisau hayo yalipigwa marufuku nchi nzima katika uwindaji wa bata, na chuma kikachukua nafasi yake. Wawindaji walinung'unika sana. Walibadilisha.

Nisije nikaeleweka kwamba naisifu nchi ile kupita kiasi. Mkataba ule wa 1916 ulifunga uwindaji wa majira ya kuchipua, na waliouandika hawakuwafikiria Wainupiati wa kaskazini ya mbali ya Alaska, ambao bata huwafikia katika majira hayo tu. Mwaka 1961, huko Barrow, mtu mmoja alikamatwa kwa kuwinda bata nje ya msimu. Wenzake 138 wakajitokeza mbele ya afisa, kila mmoja ameshika bata wake mkononi, wakataka nao wakamatwe. Serikali haikuwa na jela ya kuwatosha, na mashtaka yakaachwa. Mkataba ulikuja kurekebishwa katika miaka ya 1990. Nimewahi kuwapa wanafunzi wangu kisa hicho kama mada ya mdahalo, na upande uliosema kwamba sheria ni sheria ulipata shida kubwa kujibu swali moja rahisi la binti aliyekaa nyuma: je, walipoiandika waliwauliza wenye njaa?

Sasa tuvuke bahari turudi Bunyala, skimu ya mpunga inayonyweshwa na mto Nzoia, upande wa Kenya, karibu na Ziwa Viktoria na si mbali na mpaka wetu. Watafiti wa ndege wa Kenya waliieleza hali yake kwa kina zaidi ya miaka kumi iliyopita. Mwindaji wa pale hana bunduki wala stempu. Ana korongo hai, wa wale walao konokono, aliyemfunga asiruke na kumsimamisha kwenye maji ya jaruba. Kando yake hutandaza konokono waliotiwa dawa ya kuua wadudu iitwayo karbofurani, ambayo wakulima waliijua zaidi kwa jina la biashara la Furadan. Kwa bata, njiwa na vitwitwi hutumia punje za mpunga zilizotiwa dawa hiyo hiyo. Makundi humwona mwenzao amesimama salama, hushuka, hula. Baada ya dakika chache huanza kuyumba. Huokotwa, huchinjwa, hutolewa matumbo, hupelekwa sokoni.

Msomaji atakuwa ameshaona ninakokwenda. Kila kitu ambacho kanuni za 1935 zilikiweka upande wa haramu kimekusanyika katika jaruba moja: ndege hai wa kuita, chambo, na kuuza nyama. Juu yake kumeongezwa sumu, ambayo hata wawindaji wa soko wa karne ya 19 hawakuitumia hivyo. Wauzaji hujitetea kwamba matumbo yakishatolewa nyama ni safi. Sivyo. Dawa hii huua kwa kuingia mwilini na kuvuruga mishipa ya fahamu. Haikai tumboni ikisubiri kisu. Wahenga walisema mtego wa panya hunasa waliomo na wasiokuwamo, na hapa wasiokuwamo ni mbwa aliyeokota matumbo, ni mwewe aliyemla njiwa mgonjwa, ni mtoto aliyepewa paja.

Mwaka 2009 kampuni iliyokuwa ikiitengeneza Furadan ilisema inaiondoa katika masoko ya Afrika Mashariki, baada ya habari za simba kuuawa kwa dawa hiyo nchini Kenya. Mwaka huo huo Marekani yenyewe ilifuta ruhusa ya mabaki yake katika chakula. Kuondoa jina moja dukani, hata hivyo, si kuondoa desturi shambani. Dawa nyingine zipo, zenye majina mengine, na duka la pembejeo halimuulizi mnunuzi kama wadudu wake wana mbawa za manyoya.

Nasema haya bila kumdharau mkulima wa mpunga. Anayejua Doho kule Butaleja, au skimu yoyote ya mashariki mwa Uganda, anajua maana ya ndege katika mwezi wa kukomaa kwa punje. Watoto hukaa majarubani tangu alfajiri wakipiga makopo na kurusha udongo, na wengine hukosa shule. Mimi ni mwalimu, naviona viti vilivyo wazi. Sheria ya Wanyamapori ya Uganda ya mwaka 2019 inasema kwamba wanyama wa porini wanamilikiwa na serikali kwa niaba ya wananchi na kwa manufaa yao. Ni maneno mazuri. Sheria hiyo hiyo inatoa fidia kwa hasara iletwayo na tembo na wanyama wengine wakubwa waliotajwa katika jedwali, nao ndege hawamo. Asilimia 20 ya viingilio vya hifadhi za taifa hurudi kwa jamii zinazopakana na hifadhi hizo, lakini jaruba la mpunga halipakani na hifadhi. Kwa hiyo mkulima wa Doho analisha mali ya taifa kwa mpunga wake, na taifa halimletei hata barua ya shukrani. Mtu aliyewekwa katika nafasi hiyo, ukimwambia kwamba ndege ni urithi wetu sote, atakutazama na kunyamaza.

Wapo watakaonikumbusha historia, na wana haki. Wakati wa ukoloni karatasi iitwayo leseni ndiyo iliyomfanya Mzungu mwenye bunduki kuwa mwanamichezo na Mwafrika mwenye tanzi kuwa jangili, japo wote wawili walikuwa wakiua mnyama yule yule. Kenya ilifunga uwindaji mwaka 1977, Uganda mwaka 1979, na sababu zilikuwa nzito. Ila katazo lililorithi lugha ya mkoloni, bila kumpa mwanakijiji sehemu yoyote, halikumfanya aache kuwinda. Lilimfanya awinde kimya, na sumu haina mlio.

Ninachopendekeza ni kidogo, na kinaweza kujaribiwa katika skimu moja kabla ya kusambazwa. Vyama vya wakulima wa mpunga vipewe, chini ya haki za matumizi ya wanyamapori ambazo sheria yetu tayari inazitambua, ruhusa ya kuwinda kwa msimu mfupi aina chache za ndege walio wengi, kama bata wale wa uso mweupe wapigao mluzi, kwa idadi inayojulikana. Korongo, heroe na ndege wahamao waachwe. Atakayewinda alipe ada ndogo, na ada hiyo isipande kwenda Kampala. Ibaki katika chama, ilipe vijana wazima wa kufukuza ndege ili watoto warudi darasani, na daftari lake lisomwe mbele ya wanachama wote. Sanamu za mbao ziruhusiwe, na seremala wetu wanaweza kuzichonga. Ndege hai wa kufungwa asiruhusiwe kabisa. Na sumu isihesabiwe kuwa kosa dhidi ya ndege tu. Ihesabiwe kuwa kosa dhidi ya afya ya watu, kwa adhabu inayolingana na hilo, na liwajibike pia duka lililouza dawa bila kuuliza.

Nitaambiwa kwamba ruhusa ndogo hufungua mlango mkubwa, na kwamba leo ni bata wa mluzi, kesho ni korongo taji, ndege aliye kwenye bendera yetu. Hofu hiyo naiheshimu kuliko zote, na sina jibu la kuifuta. Nina swali tu kwa wenye kuishika: mlango unaodhaniwa umefungwa, makorongo waliouawa Bunyala walipitia wapi?

Hadi hapo mamlaka zitakapoamua, kuna jambo moja liko mikononi mwa kila mama na baba aendaye sokoni. Ukiletewa ndege wa porini, mgeuze. Aliyepigwa marisau ana vitundu. Aliyenaswa na tanzi ana alama shingoni au mguuni. Muuzaji akiwa na rundo la ndege wasio na alama yoyote zaidi ya kisu cha kuchinjia, wote wa siku moja na wa jaruba moja, mrudishie, na umweleze mwenzako aliye nyuma yako kwenye foleni kwa nini umemrudishia.